Wanafunzi wenye ulemavu na chuo kikuu: historia ambayo hatukufundishwa

Leo nawaletea historia kidogo. Nitaanzia huku kwetu, kwa jambo ambalo limenikaa moyoni miaka mingi, kisha tutapita Misri na Marekani, halafu turudi nyumbani.

Nilipokuwa G1 katika chuo kimoja cha huku mashariki (jina nalihifadhi), promosio yetu ilikuwa na mwenzetu ambaye polio ilimharibu miguu akiwa mtoto mdogo. Alituzidi umri, basi sote tulimwita Yaya. Alikuwa anakuja na trisikle yake ya kuendesha kwa mikono, anaiacha chini ya muembe, kisha mmoja wetu anamweka mgongoni na kupanda naye hadi etaji ya pili. Ngazi zilikuwa 34. Nazijua vizuri, maana mgongo wangu ndio ulizihesabu.

Mwezi wa kwanza tuligombania kumbeba. Profesa mmoja alisema mbele ya oditware nzima kwamba sisi ni mfano wa upendo. Tukapanga hata orari: Jumatatu fulani, Jumanne fulani. Mvua zilipoanza, orari ikaanza kulegea. Mmoja amechelewa, mwingine mgongo unamuuma, mwingine ana interogasio na anataka kuwahi kiti cha mbele. Yaya mwenyewe akaanza kuona haya. Akawa anasema: "Bandugu, leo muniache tu hapa chini. Mutanipatia manoti."

Manoti tulimpatia. Na kwa hayo manoti yetu mabaya alikuwa anatengeneza muhtasari safi, ambao promosio nzima ilikuwa inaupiga fotokopi kabla ya mitihani. Nami pia niliupiga.

Siku moja alimwomba CP wetu jambo dogo: tuandike barua kwa mkuu wa fakilte, masomo yetu yahamishiwe chini, maana kulikuwa na vyumba viwili ambavyo kila asubuhi vilibaki vitupu. Tulikaa, tukajadili, tukamwambia: "Yaya, uvumilie kwanza, tusije tukawasumbua wakubwa." Ile barua haikuandikwa. Mwaka wa pili labo ikawekwa etaji ya tatu ya jengo lingine. Kuna asubuhi moja alitungoja chini ya muembe hadi saa sita, hakuna aliyetokea. Mimi pia sikutokea. Kabla ya sesio ya pili akaacha masomo.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba hayo ni mambo ya nchi isiyo na pesa. Nilipoanza kusoma historia ya vyuo vikuu, nikaona sivyo. Hata kwenye pesa nyingi mlango haukufunguka wenyewe. Kila mahali ulipofunguka, kuna watu waliousukuma, na tunaweza kuwataja kwa majina na miaka.

Msomi wa Misri aliyesoma kwa masikio

Tuanze na Afrika. Taha Hussein alizaliwa mwaka 1889 kijijini huko Misri ya juu, mtoto wa saba katika nyumba ya watoto 13. Akiwa na miaka karibu mitatu aliugua macho, akatibiwa vibaya, akapofuka kabisa. Alihifadhi Kurani, akaenda al-Azhar. Chuo kikuu kipya cha Misri kilipofunguliwa Cairo mwaka 1908, akajiandikisha. Mwaka 1914 akawa mtu wa kwanza kupata udaktari katika chuo hicho. Tasnifu yake ilimhusu al-Ma'arri, mshairi wa zamani wa Syria ambaye naye alikuwa kipofu. Baadaye akaenda Ufaransa, akapata udaktari wa pili Sorbonne kwa kazi juu ya Ibn Khaldun.

Alisomaje? Kwa masikio. Kila kitabu kilihitaji mtu wa kumsomea kwa sauti. Huko Ufaransa msichana aitwaye Suzanne Bresseau alimsomea vitabu, na mwaka 1917 wakaoana. Mwaka 1942 Taha Hussein akawa rekta wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Alexandria. Mwaka 1950 akawa waziri wa elimu, akitetea kwamba elimu ni haki ya kila mtu kama maji na hewa.

Ni historia ya kututia moyo. Lakini tuiangalie vizuri. Huyu alikuwa na kipaji kikubwa sana, tena akapata mtu wa kumsomea maisha yake yote. Sasa yule kipofu mwenye akili ya kawaida kama yangu, ambaye hakumpata Suzanne wake, alifika wapi? Yeye hayumo katika vitabu. Chuo kilimpokea Taha Hussein, lakini kumpokea mtu mmoja wa ajabu si sawa na kufungua mlango.

Aliyekataliwa, akaja kufungua shule kwetu

Wa pili ni Andrew Foster. Jina hili wengi wetu hatulijui, na ni aibu kidogo, maana Kongo inamhusu kabisa. Alizaliwa mwaka 1925 katika jimbo la Alabama, Marekani, mtoto mweusi. Akiwa na miaka 11 aliugua meninjiti, akawa kiziwi, yeye pamoja na kaka yake. Marekani ilikuwa na chuo cha viziwi tangu 1864, kilichoidhinishwa na rais Abraham Lincoln mwenyewe. Leo kinaitwa Gallaudet. Foster aliomba nafasi, akakataliwa, akaomba tena, akakataliwa tena. Sababu haikuwa masikio yake. Ilikuwa ngozi yake. Chuo kilichojengwa ili viziwi wasibaguliwe kilikuwa kinabagua viziwi weusi.

Mwishowe alipokelewa, na mwaka 1954 akawa Mweusi wa kwanza kupata shahada pale. Mwaka huohuo, huku kwetu, Lovanium ilikuwa inafungua milango yake Léopoldville.

Foster angeweza kutafuta kazi nzuri na kutulia. Badala yake, mwaka 1957 alianzisha shule ya viziwi huko Ghana, na kutoka pale akaendelea nchi kwa nchi: Nigeria, Chad, Kamerun, Burundi, na Zaire yetu ya wakati ule. Shule alizoanzisha zilizidi 30, katika nchi 13. Lugha ya alama ambayo viziwi wengi wa Kongo wanaitumia leo ina mizizi yake katika kazi hiyo, ndiyo maana inafanana sana na ile ya Marekani.

Alikufa tarehe 3 Desemba 1987, ndege ndogo aliyopanda ilipoanguka karibu na Gisenyi, pale jirani kabisa na Goma. Miaka mitano baadaye Umoja wa Mataifa uliichagua tarehe 3 Desemba kuwa siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu. Tarehe zimegongana tu. Lakini kila mwaka siku hiyo inapofika, mimi namkumbuka yeye.

Foster alifungua shule za watoto. Aliyemaliza shule hizo akitaka kwenda chuo kikuu, anakuta profesa anayefundisha kwa mdomo, hakuna mkalimani wa alama, na wanafunzi mia kadhaa ambao hakuna hata mmoja anayejua kusema "jambo" kwa vidole. Kazi ya Foster iliishia mlangoni pa chuo. Kuanzia pale ilikuwa zamu yetu.

Berkeley, 1962

Wa tatu ni Ed Roberts wa California. Yeye ananigusa zaidi, kwa sababu ugonjwa wake ni uleule wa Yaya. Alipata polio mwaka 1953 akiwa na miaka 14. Chanjo ya Salk ilitangazwa miaka miwili tu baadaye, 1955. Alipooza kuanzia shingo kushuka chini, akabaki na nguvu kidogo tu katika vidole vichache. Usiku alilala ndani ya mashine kubwa ya chuma iliyomsaidia kupumua. Shule ya sekondari ilitaka kumnyima cheti eti kwa sababu hakufanya mazoezi ya mwili wala somo la kuendesha gari. Mama yake aligombana nao mpaka wakakitoa.

Alipotaka kuingia Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, ofisi ya serikali iliyokuwa na kazi ya kusaidia walemavu ilikataa kumlipia. Walisema ulemavu wake ni mzito mno, hataweza kamwe kufanya kazi. Magazeti yakaandika, ofisi ikarudi nyuma. Chuo nacho hakikuwa na pa kumlaza: mashine yake ilikuwa na uzito wa kilo karibu 360, haikufaa katika mabweni. Wakamweka katika hospitali ya chuo. Ilikuwa 1962, mwaka uleule ambao James Meredith, mwanafunzi mweusi, aliingia Chuo Kikuu cha Mississippi akilindwa na askari.

Hapa ndipo historia inapogeuka. Roberts hakubaki peke yake kama mtu wa ajabu. Wengine wenye ulemavu mzito walifuata, wakakaa naye katika ile hospitali, wakifika karibu 12 mwishoni mwa miaka ya 1960. Wakakaa usiku wakizungumza kama sisi tulivyokuwa tunazungumza home: siasa, masomo, wasichana. Wakaona kwamba matatizo yao si ya mtu mmojammoja. Wakajipa jina, Rolling Quads, wakawa kikundi. Wakaandika, wakadai, wakahesabu bajeti. Mwaka 1970 chuo kikafungua huduma maalum kwa wanafunzi wenye ulemavu, ikiendeshwa na wenye ulemavu wenyewe: kutafuta wasaidizi, kutengeneza viti vya magurudumu, kutafuta nyumba zinazoingilika. Wakatoka hadi mjini, wakadai kingo za barabara zikatwe ili kiti kipite. Mwaka 1972 wakaanzisha kituo chao mjini, ambacho kiliigwa sehemu nyingi za dunia.

Mwaka 1973 Marekani ikapitisha sheria iliyokataza ubaguzi wa walemavu mahali popote panapopokea pesa za serikali kuu, vyuo vikiwamo. Je, sheria ilitosha? Hapana. Miaka minne ilikaa bila kanuni za utekelezaji. Mwezi wa 4 mwaka 1977 walemavu wakaingia katika ofisi ya serikali San Francisco, wakakaa humo majuma karibu manne, na Black Panthers wakiwaletea chakula. Tarehe 28 Aprili waziri akatia sahihi. Na Ed Roberts? Mwaka 1975 aliteuliwa kuwa mkuu wa ileile ofisi iliyosema hataweza kamwe kufanya kazi.

Kutoka Roberts kuingia chuoni hadi sahihi ya waziri ni miaka 15, katika nchi tajiri kuliko zote. Basi tusifikiri kwamba kwetu itakuwa zawadi.

Na sisi je?

Kongo ilipata Lovanium mwaka 1954, kisha chuo cha Élisabethville mwaka 1956, kisha cha Stanleyville mwaka 1963. Mwaka 1971 Mobutu aliviunganisha vyote kuwa UNAZA, na mwaka 1981 vikagawanywa tena: Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani. Wanafunzi wetu hawakuwa waoga. Tarehe 4 Juni 1969 waliandamana Kinshasa, wakapigwa risasi, baadhi wakafa. Mwaka 1971 wanafunzi wa Lovanium waliingizwa jeshini kwa nguvu. Tunayo historia ya kudai. Lakini katika yote niliyohadithiwa kuhusu migomo yetu, ya zamani na ya wakati wangu, minervali ilikuwamo, basi ilikuwamo, maji na umeme vilikuwamo. Ngazi sikuzisikia.

Na tusiseme ni teknolojia ngumu. Mwaka 1959 juu ya kilima cha Lovanium kiliwashwa kinu cha nyuklia cha utafiti, TRICO, cha kwanza Afrika. Nchi ambayo chuo chake kiliweza kuweka kinu cha nyuklia haiwezi kushindwa na mteremko wa sima.

Tena jamii yetu haikukosa kuwapa walemavu nafasi. Iliwapa nafasi fulani tu. Kwenye mpaka wa Goma na Gisenyi, kwenye Beach Ngobila ya Kinshasa, mnawaona na trisikle kubwa zilizobeba mizigo, wanajua biashara ya mpaka kuliko sisi wenye diploma. Staff Benda Bilili, wanamuziki ambao wengi wao waliathiriwa na polio, walitoka katika barabara za Kinshasa na albamu yao ya 2009, na mwaka 2010 filamu juu yao ikaonyeshwa Cannes. Tunawapigia makofi. Lakini mlemavu anayetaka kuwa mhandisi au daktari, tunamuuliza: "Utafika je kule juu?"

Kuna watu watasema: polio imekwisha, tatizo litakwisha lenyewe. Kweli, tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili. Lakini huku mashariki kuna vita, kuna risasi na mabomu, kuna ajali za pikipiki kila siku. Tena kuna vipofu, viziwi na maalbino, ambao polio haiwahusu hata kidogo.

Kuhusu sheria, tuko nazo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya hatua maalum za ulinzi. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Kifungu chake cha 24 kinataja waziwazi elimu ya juu: bila ubaguzi, na marekebisho yanayofaa yafanywe. Na Katiba yetu, kifungu cha 215, inasema mkataba uliopitishwa kisheria uko juu ya sheria za kawaida. Mwisho, tarehe 3 Mei 2022, ikatoka sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki za mtu mwenye ulemavu. Wenzangu wa sheria, kwa kweli, haya mnayajua kwa vifungu. Basi tuko pale Wamarekani walipokuwa mwaka 1973: sheria iko, utekelezaji ndio wa kusukuma.

Tunaweza kufanya nini?

Nilikaa siku moja nikapiga hesabu ya ngazi zetu 34. Kipimo kinachotumiwa sana ni kwamba kwa kila sentimita 1 ya kupanda, mteremko unahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ikiwa na sentimita 17, ngazi 34 ni karibu metre 6 kwenda juu, na mteremko wake ungekuwa karibu metre 70. Hakuna chuo chetu kitakachoujenga kesho. Lakini kuhamisha somo chini kungegharimu karatasi moja na sahihi moja. Ndicho Yaya alikuwa anaomba. Yeye alishapiga hesabu kabla yetu.

Mambo mengi yako hivyo. Profesa akitoa silabusi katika faili badala ya karatasi tu, kipofu anaisikiliza kwa simu yake. Mwanafunzi asiyeona au anayeandika polepole aongezewe muda wa mtihani. Mlango wa choo kimoja cha chini upanuliwe. Asistanti aongee akiwaangalia wanafunzi, si akiangalia ubao, ili kiziwi asome midomo. Wakalimani wa alama watagharimu pesa, ndiyo, na hizo ni za kudai katika bajeti ya chuo. Lakini kabla ya yote, komite ya wanafunzi iwe na kiti cha mwenye ulemavu, na aongee yeye, si sisi kwa niaba yake. Berkeley ilianzia pale.

Sisemi kubebana ni kubaya. Aliyembeba mwenzake hakukosea. Kosa letu lilikuwa kufikiri kwamba tumemaliza. Huruma yetu ilidumu mpaka mvua, na baada ya mvua Yaya hakuwa na kitu cha kushika mkononi.

Mwaka jana nilimkuta sokoni. Anatengeneza simu, ana wanafunzi wake watatu anaowafundisha kazi. Alifurahi, akaagiza soda mbili. Tukaongea juu ya watoto, juu ya wenzetu waliotawanyika. Nikamwambia kwamba siku hizi niko katika chama cha wahitimu. Akacheka, akaniuliza: "Mudogo wangu, na ile barua, mulimalizaka kuiandika?"

Niliiandika juma lililofuata, kwa jina langu na la wenzangu wanne wa promosio ile. Ina kurasa mbili, ina kifungu cha 49 na sheria ya 2022, ina orodha ya vyumba vya chini vilivyo vitupu asubuhi. Tuliipeleka wenyewe, nakala yetu ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Jibu bado. Mwezi ujao tunarudi kuuliza, na tutaendelea kurudi. Wewe unayesoma hapa, ambaye bado uko chuoni, tazama promosio yenu: kuna nani anayebaki chini? Kaeni naye, mumuulize anataka nini, muandike kabla hajaacha.